Siku moja maishani mwangu: nesi wa wodi ya watoto, na dozi inayoanzia kwenye mizani

Saa 12:45 asubuhi

Napokea zamu. Tunapita kitanda kwa kitanda na mwenzangu wa usiku, tukimtazama mtoto mwenyewe na si faili peke yake. Siondoki kitandani kabla sijajua uzito wake, dawa zinazomletea mzio, na saa aliyopewa dozi ya mwisho.

Kitanda cha dirishani yupo mtoto wa miaka 3 aliyeletwa usiku akiwa na degedege. Faili linasema kilo 14. Nauliza alipimwa saa ngapi. Hakupimwa. Hali ilikuwa mbaya, wakakadiria kwa umri: 3 jumlisha 4, zidisha kwa 2. Kwenye dharura ndivyo inavyofanyika, na walifanya vizuri. Ila makadirio yakishaandikwa bila alama yoyote, kukikucha kila mtu huyasoma kama kipimo.

Saa 1:30

Mizani kwanza, dawa baadaye. Nguo nzito zinavuliwa, kipimo ni kilo tu, na namba inaandikwa hapo hapo kabla sijamgusa mtoto mwingine.

Mtoto wa dirishani ana kilo 11. Ameandikiwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, miligramu 50 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa sababu inashukiwa ni homa ya uti wa mgongo. Kwa kilo 14 hiyo ni miligramu 700. Kwa kilo 11 ni 550. Dozi si yangu kuibadilisha, kwa hiyo nampigia daktari wa zamu. Anakuja, anakata maandishi ya zamani kwa mstari mmoja, anaandika upya na kutia saini. Anapitia pia dawa ya degedege, maana nayo ilikokotolewa kwa kilo zile zile 14.

Saa 3:00

Dawa za asubuhi. Nikiwa mbele ya toroli la dawa siitwi, labda mtoto awe amezidiwa. Wodi nzima inalijua hilo.

Naanza na mtoto mchanga wa siku mbili, kilo 3, anayetumia jentamaisini, nayo ni ya kuua bakteria. Ampuli tuliyonayo, yaani kichupa cha dawa ya sindano, ina miligramu 80 kwenye mililita 2, kipimo cha mtu mzima. Yeye anahitaji miligramu 5 kwa kilo, yaani 15, mara moja kwa siku. Kwenye ampuli moja mna dozi zake zaidi ya tano! Nikivuta moja kwa moja itabidi nitafute mililita 0.375 kwenye sirinji, na hapo jicho la yeyote linaweza kukosea. Kwa hiyo tunaongeza maji ya chumvi hadi zifike mililita 8. Sasa kila mililita ina miligramu 10, na dozi yake ni mililita 1.5.

Nukta ikihama nafasi moja tu, dozi inakuwa mara kumi. Ndiyo maana tunaandika 0.5 na kamwe si .5, tunaandika 5 na kamwe si 5.0. Mwandiko ukififia, ile nukta ndiyo ya kwanza kupotea.

Kisha mwenzangu anakagua. Hapa nina msimamo mkali. Anakokotoa peke yake, kwenye karatasi yake, bila kuona jibu langu. Ukimwonyesha mtu jibu ukamwambia "ni sawa, sivyo?" atakubali, hasa akiwa na haraka. Saini mbili za namna hiyo ni macho ya mtu mmoja.

Kitandani nasoma mkanda wa mkononi, halafu nauliza: "Mama, mtoto anaitwa nani?" Simtajii jina ili aitikie, kwa kuwa mzazi ambaye hakulala huitikia lolote. Naitazama kanula, ule mrija mdogo ulio kwenye mshipa, kama pamevimba, naisafisha kwa maji ya chumvi, ndipo dawa inaingia, taratibu.

Saa 4:30

Dawa za maji. Hizi navutia kwenye sirinji ya mdomoni, isiyoingia kwenye kanula, ili dawa ya kunywa isije ikaishia kwenye mshipa. Mtoto anakaa wima, natia kidogo kidogo upande wa shavu. Simbani pua, wala simwambii ni peremende. Akiamini dawa ni peremende, siku akiiona kabatini ataimaliza.

Saa 8:00 mchana

Homa ya mtoto mmoja imepanda. Kabla ya kumpa parasetamoli namuuliza mama kama kuna kitu amempa. Anasita, kisha anasema: "Sista, nilimpa ya kwenye mkoba wangu, saa 6." Namshukuru kwa dhati. Tunasubiri, maana kati ya dozi na dozi zinahitajika angalau saa 4, na kwa siku zisizidi nne. Ningemfokea, kesho angenificha.

Saa 9:30 alasiri

Mtoto wa kilo 10 anaruhusiwa. Dozi yake ya parasetamoli ni miligramu 150. Kwa chupa ya miligramu 120 kwenye mililita 5, hiyo ni mililita 6.25, kwa chupa ya 250 ni mililita 3. Baba akizoea ile 6.25 halafu anunue chupa kali zaidi, atampa zaidi ya miligramu 300. Namwomba asome lebo kwa sauti, kisha avute mwenyewe maji kwenye sirinji mbele yangu. Anapatia mara ya pili. Anauliza kama kijiko cha nyumbani kinafaa. Hapana, vijiko havilingani.

Saa 11:00 jioni

Najaza fomu ya tukio lililozuiwa kabla ya madhara, kuhusu zile kilo 14. Sitaji jina la mtu, na sioni wa kulaumiwa. Napendekeza jambo moja: uzito wowote wa kukadiria uandikwe neno "makadirio" kwa wino mwekundu, pamoja na saa ambayo mtoto lazima awe amepimwa. Mkuu wa wodi anaisoma, anauliza mfamasia aonaje, na wanakubaliana tuanze na wanaoingia usiku wa leo.