Kumbukumbu ya Ngome ya Kiu: boila imewaka, njia hazitoshi

Bado niko kwenye Dwarf Fortress ya zamani, 0.47.05, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga ngome ya mbilikimo, na sioni haya. Lile toleo lililotoka Desemba 2022 lina picha za kupendeza na linauzwa Steam, duka la michezo la mtandaoni ambalo jina lake lenyewe ni mvuke, ila injini ya mvuke ninayoitaka iko kwenye DFHack, programu ya nyongeza ya mchezo huu, ya matoleo ya nyuma. Na laptopu yangu, iliyokwishakula chumvi ya bahari miaka saba, isingelibeba hilo jipya.

Ngome yangu iko juu ya mlima usio na mto. Bila mto, gurudumu la maji ni pambo tu, ingawa moja hutoa nguvu 100. Nikageukia vinu vya upepo. Kila kimoja hutoa 20 au 40 kulingana na ramani, na ramani yangu ikanipa sifuri. Nimezaliwa Langoni, mtaa wa Lamu, nahesabu mwaka kwa kaskazi na kusi, halafu nimekwenda kujenga mahali pasipo na upepo wa kuzima kibatari.

Maji yapo, lakini chini: ziwa la pangoni, ngazi 14, yaani tabaka 14 za ramani, kutoka ukumbi wa kulia chakula. Pampu moja hupandisha maji ngazi moja na hula nguvu 10. Kwa hiyo pampu 14 ni 140, gia mbili kwa 5 kila moja ni 10, na injini yenyewe hujilia 10. Jumla 160.

Kuna ujanja unaojulikana: pampu inamwaga maji kwenye gurudumu, gurudumu linaendesha pampu ileile. Gurudumu linatoa 100, linakula 10, pampu inakula 10, na wewe unabaki na 80 za bure milele. Kwangu hiyo ni riba. Isitoshe, maji yanayozunguka bila kupumzika huifanya kompyuta ijikokote kama mashua iliyokwama fungu.

Mwaka wa 3, masika

Injini ya makaa imesimama. Imejengwa juu ya ngazi za kushukia, kwa sababu juu ya uwazi mtupu huporomoka, na chini yake kuna tangi dogo. Fundi wa tanuri huleta kipande cha makaa, huchochea, na injini huvuta kipimo kimoja cha maji kutoka chini. Kila uchochezi huingiza mvuke wa nguvu 100, na mwisho wa injini ya makaa ni 300.

Hesabu ya ulaji ndiyo iliyonifurahisha. Asilimia 10 ya nguvu inayotolewa inapotea hata mashine zisipofanya lolote, na 90 inafuata mzigo halisi. Kwa mvuke wa 300 na mzigo wangu wa 160, zinaliwa 30 na 144, yaani 174. Fundi hodari akikutengenezea pipa, pistoni na bomba vya daraja la juu, upotevu unapungua. Wangu bado ni mwanagenzi, basi navumilia.

Ila ili nipandishe maji, sharti niwe na maji juu. Mara ya kwanza tangi lilijazwa kwa ndoo, mbilikimo sita wakipanda na kushuka ngazi zote 14. Mashine ya mvuke ya Mwingereza Thomas Newcomen ya 1712 ilitengenezwa kwa kazi hiihii, kutoa maji migodini, lakini yeye alikuwa na maji ya kumwaga. Mimi niko kama wale waliovusha reli ya Mombasa kwenye nyika ya Taru, ambao walilazimika kubebewa maji na gari moshi kutoka nyuma. Boila hunywa kwanza, kazi baadaye.

Pampu zilipoanza kuzunguka nilipiga kelele hadi mama akauliza chini kuna nini.

Mwaka wa 3, vuli

Pampu zimesimama. Maji yapo tangini na injini haina ubovu. Makaa ndiyo hayafiki.

Nilikaa jioni nzima namfuata mbilikimo mmoja mmoja. Gogo linakatwa nje, linaburutwa hadi tanuri, linatoa kipande kimoja cha makaa, kipande kinashushwa hadi kwenye injini. Wakati huohuo mawe yanapanda, chakula kinashuka, ndoo zinapishana, na wote wanatumia ngazi moja ya upana wa hatua moja. Katika mchezo huu wawili wakikutana penye upenyo, mmoja hulala chini ndipo mwenzake apite. Hebu fikiri kila gogo linavyopita namna hiyo.

Mjomba wangu alikuwa na punda wanne wa kubebea saruji na mawe ya matumbawe kutoka gatini. Alipita kuomba chaja, akaangalia kioo.

"Hawa watu wako wafanya nini?"

"Wabeba makaa, mjomba."

"Ndia ni moya, na punda ni wangapi?"

"Sitini na mbili."

Akacheka mpaka akaketi. Akanieleza kitu ambacho kila mwenye punda hapa anakijua na mimi sikuwahi kukitilia maanani: asubuhi, jahazi likishusha mzigo, hawapiti wote uchochoro mmoja. Wenye mzigo wanapanda kwa njia moja, walio watupu wanarudi kwa nyingine, na maji yakianza kupwa hupakui mchanga kwanza ukaacha saruji. Wawili wakikutana pembamba, "Simile! Simile!" haisaidii kitu, mmoja atarudi nyuma, na punda harudi nyuma kwa hiari.

Nikabomoa. Ngazi sasa ni hatua tatu kwa tatu. Nimetia alama za msongamano: njia ya kupandia imewekwa rahisi, ya chumba cha injini imewekwa ghali, ili wapita njia wasikatishe humo wakienda kunywa. Kila bohari la mawe limepewa matoroli ya mkono matatu, ambayo ndiyo mwisho unaoruhusiwa, na yamebadili mambo kuliko injini ilivyobadili. Bila toroli, jiwe zito humgeuza mbilikimo kobe.

Mwaka wa 4

Reli. Msitu uko juu ya tanuri, kwa hiyo nimechonga njia ya mteremko: toroli la reli linajazwa magogo, linasukumwa mara moja, linashuka lenyewe. Tupu linarudishwa kwa kuongozwa.

Siku ya kwanza nilisahau kituo cha breki mwishoni. Toroli lilipita tanuri, likapita mlango, likaingia ukumbi wa chakula na kumkumba fundi wa jibini. Wachezaji wa mchezo huu watasema hasara si kubwa. Mimi nilimzika kwa heshima, jeneza la mawe.

Sasa kituo kipo, kinazuia na kumwaga. Makaa yanafika kabla ya mchochezi kuyahitaji, na kwa mara ya kwanza boila imejaa hadi kazi ya kuchochea ikajisimamisha yenyewe.

Mwaka wa 5

Miti imekwisha. Mlima wote upara.

Kwa hiyo nimeshuka kwenye magma, mawe yaliyoyeyuka chini kabisa. Injini ya magma hufika 500, haidai makaa, ila chini yake inataka vitu viwili visivyopatana: maji na magma. Mfereji wangu wa kwanza ulifurika, vikagusana, mvuke ukatanda, na nikabaki na ukuta mzuri wa obsidiani, jiwe la magma iliyopoa, pale palipokuwa na shimo langu. Nimechimba upya upande wa mashariki, maji yakiingia kwa ndoo tu.

Ikafanya kazi majira mawili. Halafu ikalipuka.

Kosa ni langu. Pipa na pistoni vilikuwa vya chuma, lakini bomba nilitumia shaba nyeusi, ile ya kuchanganywa na bati, kwa sababu ilikuwepo bohari na nilikuwa na haraka. Inastahimili moto wa makaa, magma haistahimili. Haivunjiki papo hapo, inachakaa kidogo kidogo huku wewe umeshaisahau. Mchochezi wangu bora, yule aliyebeba ndoo za mwanzo, alikuwa karibu nayo.

Hali ilivyo usiku huu: injini ya makaa imewashwa tena kwa akiba ya vipande 41, pampu zinafanya kazi robo siku. Chuma cha bomba jipya kiko mgodini, ngazi 30 chini, na reli yangu inaishia ya 14. Kesho, umeme ukiwepo, naanza kuchonga hizo 16 zilizobaki, njia mbili, moja ya wenye mzigo na moja ya watupu.