Mahali mto Danubi unapozama: safari ya Schwäbische Alb

Mto Danubi ukifika karibu na Immendingen, kusini mwa Ujerumani, unapotea. Sisemi unapungua. Pale mjini, darajani, maji yalikuwa yanapita kama kawaida. Nikashika njia ya miguu kando ya mto kuelekea Möhringen, mwendo wa nusu saa na ushee, na kila nilipotupa macho upande wa pili mto ulikuwa umezidi kukonda. Kisha ikaja kona ambapo hapakuwa na mto tena. Palikuwa na mawe meupe, magogo makavu, na nyasi zilizokwisha kuota katikati ya njia ya mto wa pili kwa urefu barani Ulaya. Nilishuka nikatembea juu yake na viatu vyangu havikulowa.

Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa wake alinionyesha kwa fimbo mahali pa kuinama. Ni chini ya ukingo, kati ya mizizi, penye ufa usiozidi upana wa kiganja. "Sikiliza," akasema, na hakuongeza neno. Maji ya mwisho yalikuwa yanaingia pale kwa mlio wa kukoroma. Jani kavu lilifika, likazunguka mara mbili tatu juu ya tundu, likasimama wima, likavutwa chini. Likaja jingine. Hatua chache mbele kulikuwa na dimbwi lililojaa samaki wadogo waliokosa pa kwenda, na korongo wa kijivu amesimama pembeni, hana haraka. Nilikaa pale mchana mzima na mambo mengine ya siku ile siyakumbuki.

Anayetaka kuona haya achague majira. Theluji ikiyeyuka, au mvua ikinyesha wiki nzima, maji yanakuwa mengi kuliko nyufa zinavyoweza kumeza, na utakuta mto wa kawaida usiostahili nauli yako. Kiangazi na mwanzo wa vuli ndio wakati wake. Mara ya kwanza watu kushuhudia mto umekauka kabisa pale ilikuwa 1874. Vaa viatu vyenye soli ngumu, maana mawe ya mviringo yanageuka chini ya mguu, na yale yenye ukungu wa kijani yanateleza hata jua likiwa kali.

Sababu iko kwenye mawe yenyewe. Schwäbische Alb ni uwanda wa juu wa mawe ya chokaa, wenye urefu wa kilomita 200 hivi, uliotokana na sakafu ya bahari ya enzi ya Jura, zama za dinosaria. Maji ya mvua yanapopita hewani na kwenye udongo yanabeba hewa ya kaboni, yanakuwa na ukali kidogo, na ukali huo unayeyusha chokaa. Ufa mdogo unakuwa mfereji, mfereji unakuwa pango. Ndiyo maana eneo hili lina mapango zaidi ya 2,000 yanayojulikana, na ndiyo maana mto mkubwa unaweza kuchungulia ufa na kuzama.

Unakwenda wapi? Hilo lilizua ugomvi mkubwa. Wenye viwanda vilivyoendeshwa kwa maji ya Danubi walitaka kuziba nyufa, na wenye viwanda kando ya mto Aach, kilomita 12 kusini, wakapinga, wakihofia kuwa maji hayo ndiyo yao. Oktoba 1877 profesa Adolf Knop wa Karlsruhe akaamua kupima. Kwenye nyufa zile zilimwagwa tani 20 za chumvi, kilo 10 za rangi ya fluoresini, na mafuta ya mwamba. Baada ya saa 60 hivi chemchemi ya Aachtopf, unakoanzia mto Aach, ilitoa maji ya kijani yanayong'aa, yenye chumvi na ladha ya kreosoti, yaani ladha kali kama ya lami. Kwa hiyo sehemu ya Danubi, mto unaokwenda Bahari Nyeusi, inapita chini ya milima, inaibukia Aach, inaingia ziwa la Bodensee, na kupitia Rhine inaishia Bahari ya Kaskazini. Kesi ilifika mahakama ya juu ya nchi, ambayo mwaka 1927 iliamua kwamba kuzama kwa asili lazima kuvumiliwe, ila upande wowote usiongeze wala usipunguze maji kwa mkono wake.

Nilikwenda mpaka Aachtopf kwa sababu kuona mwanzo bila mwisho kungeniudhi. Ni bwawa la kijani kibichi chini ya mlima, na ndiyo chemchemi kubwa kuliko zote Ujerumani: kwa wastani inatoa lita 8,500 hivi kwa sekunde. Uso wa maji umevimba katikati, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Hakuna kiingilio, na benchi lipo.

Pale kwenye benchi nilifikiria Amboni. Sisi wa Tanga tumekua tukiambiwa kwamba ukiingia mapango yale unaweza kutokea Mombasa, na wengine wanasema mpaka Kilimanjaro. Mawe ya Amboni nayo ni chokaa ya enzi ya Jura, ndugu wa haya ya Schwäbische Alb, na mto Mkulumuzi unapita hapo hapo. Wageni wanaisikiliza hadithi hiyo, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi sasa naisikia tofauti. Watu wa Aach nao walikuwa na dhana tu kuhusu maji yao, mpaka mtu alipoleta chumvi, rangi na saa. Natamani sana siku moja wanafunzi wetu wa jiolojia wamwage rangi kwenye nyufa za Amboni, kisha wakae kwenye kila chemchemi na kila kijito cha jirani wakiwa na chupa za sampuli, tujue maji yanatokea wapi hasa.

Kuzunguka eneo hili bila gari kunachosha. Tiketi ya mwezi inayokubalika kwenye mabasi na treni za kawaida nchi nzima iliuzwa euro 58 mwaka 2025, na hiyo ni bei nzuri. Tabu ni kwamba Jumamosi na Jumapili mabasi ya vijijini yanakaribia kutoweka, na mengine hayaji usipoyaita kwa simu. Chukua picha ya ratiba ya kurudi kabla hujaondoka kituoni. Jumapili maduka yanafungwa, kwa hiyo nunua mkate na maji Jumamosi, na uwe na pesa taslimu mfukoni, maana vibanda vingi vya tiketi na migahawa midogo havipokei kadi. Kahawa na kipande cha keki vilinigharimu pesa ambayo Tanga wangekula watu wawili wali kuku wakashiba. Hilo liliniuma kila siku.

Juu ya uwanda wenyewe maji hakuna, kwa kuwa mvua yote inazama. Zamani watu walikinga maji kwenye mapaa, wakachimba vidimbwi vilivyosakafiwa kwa udongo wa mfinyanzi ambamo watu na ng'ombe walikunywa pamoja, na kiangazi waliteremka bondeni na mapipa kwenye mikokoteni. Mabomba ya kusukuma maji kutoka bondeni yalianza mwaka 1871, kijiji cha Justingen kikiwa miongoni mwa vya kwanza, kwa mpango wa mhandisi Karl Ehmann. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya ndoo anaielewa furaha ya siku ile bila kuelezwa.

Karibu na hapo, Laichingen, lipo pango linaloshuka wima. Mwaka 1892 mchimba mchanga Johann Georg Mack aligundua tundu mchanga wake ulikokuwa ukipotelea. Leo mgeni anashuka kwa ngazi za chuma mpaka mita 55 chini ya ardhi. Ngazi ni nyembamba na zimelowa, njia ni ya upande mmoja, hivyo mwenye maumivu ya magoti aamue juu, siyo katikati. Begi la mgongoni liache, litakwama. Ndani ni nyuzi 8 hivi mwaka mzima. Ukitoka kwenye jua la Agosti na fulana tu, dakika kumi zinatosha kukutetemesha. Pango la Wimsen ni kinyume chake: unaingia kwa boti, mita 70 hivi, ukiwa umeinamisha kichwa. Maji yakijaa, boti haziendi.

Kilele cha Lemberg, mita 1,015, ndicho cha juu kuliko vyote katika uwanda huu. Kina mnara wa chuma wa mita 33 uliojengwa 1899, na siku niliyopanda nilikuta wingu tu.

Blautopf, chemchemi ya mji wa Blaubeuren, ndiyo iliyoniudhi. Kwenye picha ni buluu isiyo na mfano, na buluu hiyo ni ya kweli: maji safi yenye chembe ndogo mno za chokaa yanatawanya mwanga wa buluu. Lakini mvua kubwa ikinyesha juu ya uwanda, udongo unaoshwa mpaka chini na bwawa linageuka kahawia. Ndivyo nilivyolikuta, na mvua yenyewe ilinyesha nikiwa kwingine. Subiri siku kadhaa kavu. Ukikuta hali kama yangu, ingia makumbusho ya mji huo huo uone sanamu ndogo ya mwanamke, ya pembe ya ndovu wa kale, iliyochimbuliwa 2008 katika pango la Hohle Fels lililo jirani. Ina urefu wa sentimita 6 na umri wa miaka isiyopungua 35,000.

Pango la Falkensteiner usiingie bila kibali na kiongozi. Lina mto ndani, na mvua ya ghafla nje inaziba njia ya kutokea. Julai 2019 wanaume wawili walinaswa humo mpaka waokoaji wakawatoa. Na kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 31 Machi, sheria inakataza kuingia mapango ambamo popo wanalala majira ya baridi. Popo akiamshwa anachoma mafuta aliyojiwekea, na wadudu wa kula hawapo mpaka majira ya joto yarudi.