Ukara, Kisiwa Kinachopiga Hesabu za Umeme

Meli ya Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, iling'oa nanga Mwanza ikiwa imebeba magodoro, kreti za soda, mabati, vifaranga na abiria waliobanana kuvizunguka. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa, na mapajani alikuwa amepakata boksi la taa za sola. Nikamuuliza kama ni za nyumbani.

"Za kazi," akanijibu. "Nyumbani watangoja."

Mwaka ulikuwa 2019, na mimi nilikuwa nakwenda Ukara, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, kaskazini mwa Ukerewe. Kijiji cha Bwisya kilikuwa na mtambo wa umeme wa jua tangu 2016: paneli, betri, jenereta ya dizeli ya kusaidia mawingu yakizidi, na nguzo zinazopeleka nyaya madukani na majumbani. Nilikuwa nimechoka kusoma ripoti zinazosema wanavijiji "wamehamasika kutunza mazingira". Nani kamuuliza mwanakijiji?

Nansio hadi Bugolora, mahali pa kuvukia kwenda Ukara, ni barabara ya vumbi, mihogo na miamba mikubwa. Pale Bugolora kila mtu anayesubiri kuvuka anakumbuka MV Nyerere. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko kilipopinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya, na watu zaidi ya 220 wakafa maji. Siku niliyovuka mimi hakuna abiria aliyesubiri kuambiwa avae boya.

Ukara imejaa watu, na ardhi yake haina nafasi ya kuchezewa. Tangu zamani Wakara wanafunga ng'ombe ndani, wanawakatia majani, kisha samadi inakwenda shambani. Mti una mwenyewe, hata ukiwa umesimama peke yake kando ya njia, na kuni si kitu cha kuokota tu. Nalisema hili mapema kwa sababu wataalamu wengi hufika visiwani wakidhani wanakwenda kuwafundisha watu kubana matumizi. Hapa walimkuta mwalimu.

Fundi wa kuchomelea, karibu na gati, alikuwa wa kwanza kunipa mchanganuo. Zamani alikuwa na jenereta yake. Dizeli inatoka ng'ambo kwa chombo, na kila mkono inapopita inaongezeka bei. Ziwa likichafuka, mafuta hayaji, na mteja mwenye geti nusu hana subira. Umeme wa mtambo haukumpendeza kwa bei, ulimpendeza kwa sababu asubuhi anaukuta. Kinyozi wa pili yake alikuwa na hoja fupi zaidi: wateja wanakuja kunyoa, wanaacha na simu ichajiwe.

Bei ndiyo ilikuwa wimbo wa kijiji. Mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la serikali, alikuwa analipa shilingi 100 kwa uniti, na Bwisya uniti ilikuwa ghali mara nyingi zaidi. "Sisi si Watanzania?" mzee mmoja aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga. Lakini mzee huyo huyo alikuwa na waya nyumbani kwake. Alikuwa analalamika huku akinunua, na sioni ajabu. Hajalinganisha tu na bei ya bara, amelinganisha pia na mafuta ya taa.

Na mafuta ya taa yana historia yake. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wake kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita, ili kukomesha uchakachuaji, yaani kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli. Shabaha ilikuwa matapeli wa vituo vya mafuta, lakini maumivu yalifika mpaka kwenye kibatari cha bibi kizee na karabai ya mvuvi. Kwa maoni yangu, ushuru ule uliuza sola kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria.

Bibi mmoja nyuma ya shule hakuutaka waya kabisa. Nilimsalimia, akanikaribisha kigoda, akanionyesha kipaneli juu ya bati, kidogo, kinawasha taa tatu na redio. Kimenunuliwa na mwanawe, naye alikikubali baada ya kuona cha jirani kimepitisha masika mawili bila kufa, maana feki zimejaa madukani na watu wameumizwa.

"Hiki kimekwisha kulipwa, mjukuu wangu," alisema. "Ule waya haumaliziki kulipwa."

Nilijaribu kumweleza kwamba kipaneli hakiwezi kuendesha friji. Akaniuliza friji ya kuweka nini.

Katika duka linalouza uniti nilijifunza kitu ambacho sikukiona katika ripoti yoyote. Kijana wa dukani aliniambia mauzo yake yanafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa siku za giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu ya kuwavuta, mitumbwi inapumzika, na fedha inapumzika nayo. Basi siku za giza watu wananunua uniti za kutosha, na mbalamwezi ikija wanaweka mia tano, au wanakaa bila. Ankara ya mwisho wa mwezi ingewashinda, ila hii ya kununua kidogo kidogo wanaimudu. Anayetaka kuunganisha umeme katika vijiji vya wavuvi bila kujua hilo atawaita watu wasiolipa, kumbe ni mwezi tu.

Jioni nilimkuta yule mama wa melini ufukweni, akigawa taa zake kwa vijana wa mitumbwi. Karabai, aliniambia, inakunywa mafuta usiku kucha, na tone la maji likigonga kioo cha moto, kinapasuka. Hizi mpya zinachajiwa mchana kijijini. Kilichobaki ni mafuta ya injini tu, na hayo hana la kuyafanya. Nilimuuliza kuhusu hewa safi, moshi, tabianchi. Alinisikiliza kwa adabu.

"Hayo ni mazuri," alisema. "Lakini kijana wangu akirudi na ndoo moja zaidi, hilo ndilo nimelielewa."

Kisha akaanza yeye kuniuliza: friza inakula uniti ngapi kwa siku? Dagaa anaanikwa, lakini sato na sangara wakikosa barafu, bei anapanga mnunuzi.

Mwaka uliofuata, 2020, serikali iliwaagiza wazalishaji binafsi wa umeme vijijini na visiwani watoze bei sawa na ya TANESCO, shilingi 100 kwa uniti. Nilimpigia simu yule mama wa dagaa nikidhani nitakuta sherehe. Alifurahi, ndiyo, ila akanyamaza kidogo, akauliza: "Sasa betri zikichoka, mwenye mtambo atanunua nyingine kwa fedha ipi?"

Nikamuuliza kama ameahirisha friza. Akacheka. Ameshainunua, ya mtumba, na ilikuwa njiani kutoka Mwanza.