Chafya ya Miritini

Juzi kwenye grupu ya familia ya WhatsApp, binamu yangu aliyeko Doha kaandika, "Jamani nashuka Moi Airport Ijumaa mchana, nataka niingie Nairobi siku hiyo hiyo, nichukue treni au basi?" na hata sijamaliza kusoma watu washajaa, huyu anamwambia treni sasa ni 1,500 daraja la kawaida si ile elfu ya zamani, huyu anamwambia kata mapema kwa *639# Ijumaa hujaa, mwingine ambaye najua hajavuka Likoni tangu Idi naye anafundisha watu bei za basi. Mimi nikamuuliza tu, "Umebeba nini?"

Waliokuweko mwaka ule wakaniwekea vicheko. Wengine kimya. Binamu mwenyewe akajibu, "Nguo na simu mbili, kwani?"

Ilikuwa 2019. Nyanya mdogo wa Pumwani alikuwa anarudi umra, na kwa vile alisafiri na kikundi cha watu wa Mombasa, ndege yake ikaja kumshusha huku, kupitia Addis, badala ya Nairobi anakoishi. Kawaida angelala kwetu Kibokoni hata wiki, apumzike, watu waje wamsalimie wamuombe dua. Lakini kesho yake Pumwani kulikuwa na akika ya kitukuu chake, na ile zamzam aliyokuwa ameibeba, lile boksi la lita tano wanalouziwa mahujaji pale Jedda, ilikuwa imeshawekewa kazi: mtoto aonjeshwe na mkono wake yeye, si wa mtu mwingine. Mimi nikapewa jukumu la kumsindikiza mpaka Nairobi. Hakuna aliyeniuliza kama nna nafasi.

Basi mabishano yakaanzia pale pale eapoti kwenye maegesho, mizigo ishaingia kwenye gari la ami. Ami, kwa wasiojua, ujana wake wote aliendesha mabasi ya Nairobi, na mpaka leo ukimtajia treni huonekana kama umemtusi mtu wa kwao. "Basi lakushusha katikati ya mji alfajiri," akasema, "ukitoka River Road mpaka Pumwani hata kwa mguu wafika. Treni yakutupa Syokimau huko, usiku, kisha uanze kutafuta gari na mzee na mabegi."

Na hapo alisema kweli, lazima nikiri. Stesheni ya Nairobi iko nje ya mji, na ile treni ya alasiri huingia giza lishatanda. Lakini na huku kwetu nako kuna hesabu yake. Stesheni ya Mombasa ya SGR, hii reli mpya, iko Miritini, bara, upande mmoja na eapoti, kwa hivyo ukishuka ndege huna haja ya kuingia kisiwani kabisa. Mabasi yenyewe ofisi zao ziko Mwembe Tayari. Maanake utoke eapoti, uteremke Changamwe, upite Kibarani, uvuke Makupa, ufike mjini, ukae na mizigo yako mpaka basi litoke usiku, kisha likurudishe Makupa, Kibarani, Changamwe, lipite Miritini hapo hapo karibu na stesheni uliyoikataa ndio lishike njia ya Mazeras. Na mwaka ule barabara yote ile ilikuwa inapanuliwa, vumbi na malori ya bandarini mpaka unasahau ulikuwa waenda wapi. Treni masaa matano na kitu umefika. Basi ni usiku mzima. Nauli ya treni wakati ule elfu moja. Mimi nilikuwa nishakata tiketi mbili kwa simu hata kabla ndege haijatua, sikutaka mjadala.

Nyanya alikuwa kiti cha mbele ananyamaza na tasbihi yake. Akasema, "Mie nataka treni."

Ami akageuka. "Mamangu, hii si ile."

"Najua si ile."

Lakini hakujua, au alijua asijali. Ile yake ni reli ya zamani, ile stesheni ya mjini, treni ikitoka jioni ikilala njiani ikiamkia Nairobi. Yeye aliolewa akapelekwa Pumwani kwa treni hiyo, daraja la tatu, mabenchi, kuku wa watu chini ya miguu, na usiku alinyanyuka akapita behewa hadi behewa akachungulia daraja la kwanza akaona vitanda vimetandikwa shuka nyeupe na mtu anapita kwenye ujia akigonga kengele kuwaita wazungu chakula. Kisa hicho sote tumekulia nacho. Shuka huwa nyeupe zaidi kila akikisimulia. Nikamwambia hizi hazina vitanda nyanya, za kukaa tu. "Hakuna neno mume wangu, ntakaa."

Tukaenda Miritini. Ami akatushusha, hakuzima gari, akasema, "Mtanipigia."

Sasa hapa wanaojua SGR wanajua, na kwa ambaye hajapanda ni hivi: kabla hata hujaingia ndani kwenye mashine za mizigo, kuna mahali nje chini ya paa mnapanga mabegi yenu chini kwa mstari, halafu nyinyi abiria mnarudi nyuma mnasimama, halafu anakuja askari na mbwa. Mbwa ananusa mstari wote. Akimaliza mnachukua vitu vyenu mnaendelea. Mimi nishaipanda treni ile kabla, nishaona mbwa, na sikuwahi kumfikiria yule mbwa hata dakika moja. Begi langu lina jinzi na chaja, mbwa anuse atakavyo.

Nikaweka begi lake. Nikaweka langu. Nikanyoosha mkono kwa boksi la zamzam. Hakulitoa.

"Hawa mbwa wanafanya nini hapa?"

"Wananusa tu nyanya, ni usalama."

"Wananusa nini changu mimi?"

Alikuwa amelikumbatia vile mtu anavyombeba mtoto asiyetaka kumpa mgeni. Askari, kijana mpole kabisa nasema haki, akamwambia mama tafadhali weka mzigo chini, kila mtu anaweka. Nyanya akamwambia mwanangu haya ni maji ya Makka, nimeyabeba toka nyumba ya Mwenyezi Mungu, kesho yatiwe kinywani mwa mtoto wa siku saba, wewe wataka nimwekee mbwa? Foleni nyuma yetu ikaanza kuchangia, si mnajua watu wetu. Mmoja akasema mama mbwa hawanywi. Mwingine akasema treni inatuacha jamani. Akajitokeza mzee wa kanzu, mabegi yake yashapangwa zamani, akaingia kwa upole kabisa, "Bi mkubwa, kikavu kwa kikavu hakinajisi. Boksi ni kavu, mbwa ni mkavu, akigusa hakuna kitu. Na maji yenyewe yako ndani ya chupa."

Nyanya akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na pua yake?"

"Pua?"

"Pua ya mbwa ni kavu?"

Watu wote tukaigeukia pua ya mbwa. Wallahi mpaka askari aliinama kuitizama. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga, masikio wima, amekaa chini anahema kwa joto la saa nane, na ile pua nyeusi ilikuwa inang'aa. Inang'aa kabisa. Mzee wa kanzu akakohoa, akasema hilo nalo lina maelezo yake, na maelezo yenyewe hakuyatoa.

Askari ndiye aliyeleta suluhu. Akasema mama, tuliweke boksi juu ya begi lako kubwa, liwe juu juu, mbwa mimi nitamshika karibu, atanusa hewa tu hatagusa, nakuahidi. Nyanya akamtizama kwa muda, akamuuliza jina la mamake, akaambiwa, akaridhika na jambo ambalo mpaka leo silijui ni lipi. Akaliweka boksi mwenyewe. Tukarudi nyuma.

Mbwa akaanza mwisho wa mstari. Begi la kwanza hana habari. Kikapu cha mtu kina samaki mkavu, akasimama kidogo, akavutwa. Sanduku, mkoba, sanduku. Nyanya ameshika mtandio wake chini ya kidevu kwa mikono miwili na midomo inaenda. Mbwa akafika kwetu. Askari kafupisha kamba vile alivyoahidi, mbwa akanyanyua kichwa kuelekea boksi, kweli hagusi, pengine shubiri moja baina yao, akavuta pumzi. Sasa ndani ya lile begi lililo chini ya boksi kulikuwa na udi, na ubani, na chupa za mafuta ya miski za kugawia mtaa mzima wa Pumwani, tena moja ilikuwa imevuja njiani, mimi nilishaisikia tangu tuko kwenye gari. Mbwa akavuta tena. Akarudisha kichwa nyuma, uso ukamkunjamana.

Akapiga chafya.

Si chafya ndogo. Chafya ya mbwa mkubwa, kichwa kizima kilienda nayo.

Kimya. Katoto kamoja huko nyuma kakasema "Yarhamukallah!" na mamake akakaziba mdomo, na watu wakawa wanaangalia viatu vyao mabega yanatikisika. Askari alikuwa amefadhaika kuliko sote. Sasa kama ile chafya ilifika kwenye boksi au iliishia hewani, hilo ndilo limewagawa watu wa nyumba yetu mpaka hii leo, wakati mimi niliyekuwa pale ndiye peke yangu sina kauli. Niliona upande mmoja wa boksi una doa. Lakini siku ile kulikuwa na joto na boksi lilikuwa limeshikwa na mikono ya jasho toka eapoti, doa lingeweza kuwa letu. Nyanya hakuniuliza. Alivuta pumzi, akasema, "Mpigie ami yako."

Ami alikuwa hajatoka hata kwenye geti la stesheni. Hakusema kitu njia nzima, na kwa mtu kama ami hiyo ni karamu. Foleni ya Changamwe tuliikuta kama tulivyoiacha.

Mwembe Tayari tukakata basi la usiku, ikabaki kazi ya boksi. Karatasi la nje tulilitupa, lakini nyanya akasema na chupa ioshwe, mara saba, moja iwe kwa udongo, ndivyo tulivyosomeshwa. Maji msikitini yapo. Udongo je? Hebu jaribu siku moja kutafuta udongo safi Mwembe Tayari saa kumi na moja jioni. Kote ni lami, saruji, maganda ya madafu na mafuta ya gari. Nikazunguka na kikombe cha plastiki watu wananitizama, mwisho nikauomba kwenye chungu cha maua mbele ya duka la simu, mwenye duka akanipa bila kuuliza, pengine alidhani ni dawa. Nikaosha. Nyanya kasimama juu yangu anahesabu kwa tasbihi.

Safari yenyewe haina kisa. Mtito Andei tulishuka, chai, choo, viazi karai vilivyolala, tukapanda tena. Magoti yalimuuma, hakulalamika. Alfajiri tuko River Road, vile vile alivyosema ami, na mchana mtoto akaonjeshwa zamzam yake, akaikunjia uso, akapewa jina, wanawake wakapiga vigelegele.

Baada ya kula nikapita upande wa kina mama kuchukua chai, nikasikia sauti yake. Amezungukwa, anasimulia safari. Mombasa sasa kuna treni, awaambia, stesheni kama jumba la mfalme, sakafu yang'aa, wasichana wamevaa sare nyekundu, ukikaa wateleza tu hata chai haimwagiki. Masaa matano! Wenzake wanatikisa vichwa, maashallah, mmoja ameshatoa simu aandike namba ya kukatia. Nikasimama pale na kikombe changu. Akaniona.

"Mume wangu, hebu waambie ilivyo nzuri."

Nikawaambia. Mimi nilikuwa nishaipanda, kwa hivyo hata sikudanganya.