Nilivyotunza kinywa cha mama kabla na baada ya mionzi

Kidonda cha mama kilikuwa ndani ya shavu la kushoto, upande ule ule aliozoea kubania tambuu, lile jani la kutafuna linalofungiwa kokwa ya popoo na chokaa, tangu usichana wake. Kilianza kwa doa jeupe lisilofutika, likageuka kidonda chenye kingo ngumu, na dawa ya kusukutua aliyouziwa dukani haikusaidia kitu. Daktari wa meno hapa Lamu alikipapasa kwa kidole, akapapasa na shingo chini ya taya, kisha akatuambia kwamba kidonda cha kinywani kikipita wiki 2 bila kupona, hakingojwi tena; kinakatwa kipande kikapimwe. Majibu yalirudi saratani. Mama akapasuliwa Mombasa, kidonda kikaondolewa pamoja na tezi za shingoni, na baada ya hapo madaktari wakasema sasa inahitajika mionzi.

Haya nayaandikia wanaouguza. Upasuaji na mashine vina wenyewe. Kinywa, lakini, tangu siku linapotajwa neno mionzi mpaka miaka mingi mbele, kinamtegemea anayelala nyumba moja na mgonjwa.

La kwanza kabisa ni meno. Mtu akishaambiwa ana saratani, ukoo mzima unataka mionzi ianze kesho. Sisi tulipelekwa kwanza kwenye kiti cha daktari wa meno, na simu zikaanza kuingia: mbona mnahangaika na meno na mgonjwa ana maradhi makubwa? Nikawaeleza kila mmoja kama nilivyoelezwa. Mionzi ikipita kwenye taya, hasa taya la chini, mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa hupungua. Jino likija kuoza baadaye likang'olewa, pengo laweza kukataa kupona, mfupa ukabaki wazi na kufa. Hatari hiyo haiishi siku matibabu yanapokwisha. Mgonjwa huenda nayo maisha yake yote. Kwa hiyo meno mabovu hutolewa kabla, na fizi hupewa kama wiki 2 hivi zijifunge. Mama alikuwa na magego mawili mabovu chini, upande wa kushoto. Yaling'olewa yote mawili, tukasubiri, na sikumruhusu mtu yeyote atuharakishe. Kama mgonjwa wako hajaulizwa habari ya meno, uliza wewe, tena uulize mapema.

Mionzi baada ya upasuaji wa namna hii kwa kawaida hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 6. Kutoka Lamu, kwa mashua hadi Mokowe halafu basi la kupitia Witu na Garsen, huwezi kwenda na kurudi. Tulihamia Majengo, Mombasa, kwa mama mdogo, na huko ndiko nilikoanza kazi hasa.

Hospitali walisisitiza mama asukutue mara nyingi kwa siku, kila baada ya saa chache. Kumwambia mtu mzima aliyechoka, ambaye kila kinachogusa kinywa chake kinamuuma, ajikumbushe mwenyewe kila saa chache, ni kumtwika mzigo usiobebeka. Nikaangalia ni jambo gani mama halikosi hata akiwa na homa. Halikosi udhu. Na udhu una kusukutua ndani yake. Basi kila adhana ikilia nampelekea kikombe: maji ya uvuguvugu, robo kijiko cha chai cha bekingi soda, na chumvi nusu ya kiasi hicho. Anasukutua taratibu, anatema, halafu ndipo anatia udhu wake kwa maji matupu, nayo yanaondoa chumvi iliyobaki. Sala tano, mara tano. Baada ya kula na kabla ya kulala tena. Hakuna siku tuliyobishana.

Angalieni hiyo bekingi soda. Si magadi ya kuivishia maharagwe, wala si bekingi pauda. Na dawa za kusukutua za dukani zenye spiriti ndani yake zikae mbali kabisa, huchoma kinywa kilichokwisha kuchubuka.

Shida nyingine ilikuwa mswaki. Mama hutumia mswaki wa mti, na kwake ni sunna, si jambo la kuambiwa aache hivi hivi. Lakini nyuzi zake zilikuwa zinamtoa damu. Nilimwomba kwa adabu: "Mama, tuuweke mpaka fizi zitulie." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mwanangu, Mungu anajua nia." Nikamnunulia wa mtoto mchanga, laini kuliko yote niliyoiona, na kila mara naulowesha kwanza kwenye maji ya moto ili uzidi kulainika. Dawa ya meno ikawa ile yenye floraidi nyingi aliyoandikiwa. Hiyo haikomi. Mionzi hukausha tezi za mate, na kinywa kisicho na mate meno yake huoza upesi, hata ya mtu asiyegusa sukari.

Wiki ya kwanza alikula kama kawaida, na ndugu wakaona tumeepukana na balaa. Kuelekea wiki ya tatu ndani ya shavu na ubavuni mwa ulimi kukawa kwekundu, kisha vidonda, na mate yakawa mazito ya kunata. Hapo nilishukuru kwamba nilikuwa nimemlisha vizuri mapema. Dawa ya maumivu nikawa nampa nusu saa kabla ya chakula, si baada. Pilipili, ndimu, ukwaju na achari viliondoka jikoni, na kwa mtu wa Lamu hayo si madogo. Uji wa mchele nikaupika kwa tui zito, nikatia maziwa na njugu zilizosagwa laini. Nguru nikamchemsha, nikamchambua miba kwa vidole mara mbili, nikamponda na viazi mpaka akawa rojo. Mbaazi za nazi nikazipitisha kwenye chujio. Kila kitu vuguvugu, kidogo kidogo, mara nyingi. Ladha ilikuwa imempotea, kila chakula akasema ni karatasi, kwa hiyo sikumuuliza tena ni kitamu au la, nilimwambia tu, "Hiki ni dawa, Mama, vijiko vitatu." Kila wiki alipimwa uzito, na ulipoanza kushuka nikamwambia mtaalamu wa lishe siku ile ile, kwa sababu mgonjwa anayekonda sana huenda akahitaji mpira wa kulishia puani.

Siku moja niliona utando mweupe kwenye ulimi. Nikauripoti, ukawa fangasi, akapewa dawa. Jambo la dakika moja, lakini lisiposemwa humzuia mtu kula kwa siku nyingi.

Shingoni ngozi ikaiva kama iliyochomwa na jua la matlai. Hakuna udi, hakuna manukato, hakuna mafuta asiyoyaandika daktari. Nikampa kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa ajifunike nayo, ili kitambaa kigumu kisimkwaruze.

Lililonitia hofu kuliko vidonda ni taya kukaza. Vidonda vilipona wiki chache baada ya mionzi kwisha, lakini taya huendelea kukaza miezi na miezi, kwa sababu misuli ya kutafunia iliyopigwa mionzi hujenga makovu. Tena mama alianza akiwa nyuma, maana popoo peke yake hufanya ngozi ya ndani ya shavu iwe ngumu, na yeye aliitafuna miaka mingi. Kipimo cha nyumbani ni vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe, vipite wima kati ya meno ya juu na ya chini. Vya mama vilipita viwili, tena kwa taabu.

Tulipewa vijiti bapa, vile ambavyo daktari hukandamizia ulimi. Unavipanga, unavitia kati ya meno mpaka ahisi kuvutika bila kuumia sana, anashikilia, anapumzika, anarudia. Ukizoea idadi hiyo unaongeza kimoja katikati. Kuhesabu sekunde kulimchosha. Akabuni njia yake: akimaliza kusali, tasbihi mkononi, vijiti mdomoni, anavuta subhanallahi 33 moyoni, anavitoa, anapumzika, anavirudisha kwa alhamdulillahi, kisha Allahu akbaru. Nami nakaa pembeni ya mkeka nikivisafisha. Leo kidole cha tatu kinapita nusu yake, na anakula mkate wa sinia uliochovywa kwenye chai.

Tambuu aliiacha siku ya majibu. Kazi ilikuwa kwa wageni. Mashoga zake wanakuja kumjulia hali na vijaluba vyao vya tambuu, na wanasema: sisi hatutii tumbaku, tunatafuna popoo na chokaa tu. Nimewajibu kwa heshima lakini bila kupunguza. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha uamuzi kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Wawili kati yao nimewaomba wanifungulie kinywa dirishani, penye mwanga, na mmoja wao, aliyekuwa na doa jeupe, nimempeleka mwenyewe kwa daktari wa meno. Harusini bado sinia la tambuu linapita, na mimi bado nasema.

Kabla ya kuondoka Mombasa niliomba jambo moja: karatasi inayoandika ni upande gani uliopigwa mionzi, dozi gani, na mwaka gani. Ya mama inasema shavu na shingo upande wa kushoto, grei 60 (grei ndicho kipimo cha dozi ya mionzi). Mwaka jana gego la mwisho lililobaki upande huo likaanza kumuuma usiku. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mgeni kwetu, na sindano ya ganzi ilikuwa tayari mezani alipoisoma karatasi ile. Akairudisha sindano, akapiga simu Mombasa, wakazungumza kwa muda. Jino halikung'olewa. Lilitobolewa, mzizi ukasafishwa, likazibwa, na maumivu yakaisha. Karatasi nimeitia plastiki. Iko kwenye pochi ya mama pamoja na kitambulisho chake, na ndugu zangu wote wana picha yake kwenye simu, ili hata nisipokuwepo mimi asing'olewe jino bila daktari kuisoma.