Dakti za nyumba ya Shangani: kutoka hesabu hadi darini

Nyumba ni ya familia, Shangani hapa Mtwara: sebule, chumba cha mama na vyumba viwili vidogo. Badala ya kutundika kiyoyozi kila chumba, tunaweka mashine moja darini, na hewa yake inasambazwa kwa dakti, yaani mabomba ya bati ya kupitishia hewa. Naweka kumbukumbu hii kwa sababu kila niliyemuuliza alikuwa na jibu la mashine, "chukua BTU kubwa tu" (BTU hapa ni kipimo cha nguvu ya mashine kupoza), na karibu hakuna aliyekuwa na jibu la dakti. Mashine inatoka dukani na namba zake zimeandikwa ubavuni. Dakti unazikata mwenyewe kufuata nyumba yako, na zikiwa nyembamba hakuna BTU itakayokuokoa.

Septemba: joto la kila chumba

Kabla ya kugusa bati nilizunguka nyumba na futi kamba: madirisha, kuta, urefu wa dari, kila ukuta unatazama wapi. Marekani wana utaratibu ulioandikwa na chama cha makandarasi wa fani hii, ACCA: Manual J kwa joto linaloingia chumbani na ambalo mashine lazima iliondoe, Manual D kwa dakti. Mpangilio huo unafaa popote, ila namba lazima ziwe za kwenu. Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia karibu Oktoba 20 hadi Februari 20 jua la saa sita mchana linapita upande wa kusini. Ushauri wa vitabu vya Ulaya kuhusu dirisha la kusini ukiuchukua mzimamzima utakupoteza. Hata hivyo adui mkubwa wa nyumba yetu ni magharibi: sebule inapigwa jua tangu saa tisa mpaka machweo.

Jumla ya joto la kuondoa ilifika kilowati 7, yaani mashine ya BTU 24,000. Sebule peke yake inakula 3.2, chumba cha mama 1.6, vile vidogo 1.1 kila kimoja.

Nilishawishiwa sana nipande hadi 36,000. Nilikataa kwa ajili ya unyevu. Mashine kubwa kupita kiasi inapoza haraka, inazima, na haijapata muda wa kukamua maji kwenye hewa. Unabaki na chumba cha baridi lakini kina majimaji, na nguo kabatini zinaota ukungu. Kwa watu wa pwani hilo ni jambo zito kuliko nyuzi mbili za joto.

Kutoka kilowati hadi upana wa bomba

Kawaida hukadiriwa lita 190 za hewa kwa sekunde kwa kila BTU 12,000. Kwenye unyevu kama wetu hushushwa hadi kama 165, ili hewa ipite taratibu kwenye koili (mabomba baridi ndani ya mashine) na kutema maji zaidi. Kwetu ni lita 330 kwa sekunde. Ukizigawa kwa kufuata joto, sebule inapata 150, mama 75, vyumba vidogo 52 kila kimoja.

Halafu nguvu ya feni. Mashine yetu inaweza kusukuma dhidi ya upinzani wa paskali 50 (paskali ni kipimo cha mgandamizo), basi. Kichujio kinachukua 15, grili (kifuniko chenye mapezi) ya kutolea hewa 6, ya kurudishia 7. Zinabaki 22 kwa dakti zenyewe. Njia ndefu kuliko zote ina mita 9 za bomba, lakini kona na michepuko yake inakwamisha hewa kiasi cha mita 18 nyingine. Kwa hiyo 22 gawa kwa 27: paskali 0.8 kwa mita. Namba hiyo ndiyo iliyochagua vipimo vyote: shina, yaani bomba kuu, la milimita 400 kwa 250, matawi mawili ya 200 kwa sebule, moja la 200 kwa mama, na 150 kwa vyumba vidogo.

Fundi bati alipoona orodha alisema, "Kaka, weka zote inchi sita, tumezoea." Nilimwonyesha hesabu. Hewa ileile ukiitoa kwenye bomba la 200 ukaipitisha kwenye la 150, upinzani unapanda zaidi ya mara nne. Akatazama kimya, kisha akachukua chaki na kuanza kuchora kipande cha kwanza cha 200 juu ya bati. Namheshimu sana mtu huyu; mikunjo yake haipitishi hata wembe.

Oktoba: darini

Chini ya mabati mchana joto linapita nyuzi 50, hivyo tunapanda alfajiri na kushuka saa tatu. Kila kiungo kinapata riveti, kisha gundi nzito ya kuzibia inapakwa kwa brashi. Gundi ya karatasi haidumu kwenye joto lile, inabanduka. Kuhusu uvujaji wa upande wa kurudisha hewa sina mzaha: asilimia 10 tu ya hewa ikifyonzwa kutoka darini ni karibu kilowati moja ya joto, moja ya saba ya mashine nzima, na bado hujahesabu unyevu wake. Tulikagua kwa kijiti cha udi feni ikiwa inazunguka. Kwenye kona ya pili ya bomba la kurudishia moshi ulijikunja ukaingia kwenye upenyo mwembamba kama unywele. Tukapaka tena.

Nje ya bati tumevika sufi ya kioo ya milimita 50 yenye foili. Hewa iliyo ndani ya dakti ni nyuzi 13 hivi, na msimu wa joto mvuke wa hapa unageuka maji ukigusa kitu cha nyuzi 24. Foili ikiwa na tundu, unyevu unapenya, sufi inalowa, na dari ya jipsamu chini yake inapata madoa. Kwa hiyo kila mshono una utepe wa alumini.

Grili tumeziweka juu, kwa kuwa hewa baridi hushuka yenyewe. Nchi za baridi, ambako dakti hupeleka joto, mara nyingi huziweka sakafuni. Mama alikuwa na sharti moja: "Mwanangu, hiyo baridi isinipige mgongoni." Mapezi ya grili yake yanaelekea mlangoni, mbali na kitanda.

Njia ya kurudi

Hapa ndipo kazi nyingi nilizoziona zinapofeli. Grili ya kurudishia iko koridoni, sentimita 60 kwa 50. Mlango wa chumba ukifungwa, hewa itarudije? Upenyo wa sentimita moja chini ya mlango hautoshi hata kidogo kwa lita 52. Tumefungua tundu juu ya kila mlango, 30 kwa 20 kwa vyumba vidogo na 40 kwa 20 kwa mama, sawa na zile nafasi za hewa ambazo nyumba nyingi za zamani zinazo.

Vipimo vya kwanza

Kwa kipima-upepo cha mkononi, milango ikiwa imefungwa: vyumba vidogo lita 49 na 50 kwa sekunde, mama 72, sebule 158. Nitabana kidogo vilango (vibati vya kupunguzia hewa) vya matawi ya sebule, hewa iende kwa wengine. Baada ya hapo ni bomba la maji ya koili, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita hadi kwenye migomba, nalo livikwe sufi kabla mvua za Desemba hazijaanza.