Siku moja maishani mwangu, msimu wa 2024: ranibeki wa kikosi cha mazoezi

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya kuwasha taa nazungusha vifundo vya miguu nikiwa bado kitandani, kisha magoti. Jumapili sikucheza, kwa hiyo maumivu niliyo nayo ni ya mazoezi, yale ambayo hakuna televisheni inayoyaonyesha.

Mimi ni ranibeki katika futiboli ya Kimarekani. Nasimama karibu na kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, nakabidhiwa mpira mkononi, natafuta upenyo katikati ya watu wa kilo 140. Niko NFL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani, lakini kwenye kikosi cha mazoezi. Msimu huu wa 2024 timu ina wachezaji 53 wa kikosi kikuu na sisi wengine 16 hivi, ambao tunafanya nao kila kitu wiki nzima isipokuwa mechi yenyewe. Timu yangu siitaji, maana mkataba wangu unaweza kuvunjwa siku yoyote na sitaki kuwasaidia kupata sababu.

Saa 12:30 asubuhi

Nje kuna baridi ya kukata masikio. Kituoni napanda mizani, kilo 94, kisha naketi kwenye meza ya wauguzaji misuli nifungwe tepu vifundoni. Anayenifunga ana kasi ya ajabu: anazungusha chini ya kisigino, juu, anakata kwa vidole, mguu wa pili. Kazi ya dakika chache tu, na bila hiyo siendi uwanjani.

Saa 2:00

Mkutano wa kwanza ni wa timu maalumu, wale wa mateke. Ranibeki asiye nyota akikidharau chumba hiki ajue safari ya nyumbani iko karibu. Mwaka huu teke la kuanzisha limebadilishwa: wachezaji wa timu inayopiga, isipokuwa mpigaji mwenyewe, wanajipanga mbele kabisa, kwenye yadi ya 40 ya wapinzani, na hawaruhusiwi kusogea mpaka mpira uguse chini au uguse mtu kwenye eneo la kutua. Mapengo sasa yanafanana na yale tunayopenya sisi kila siku. Naandika kila neno la kocha. Huu ndio mlango wangu.

Saa 3:00

Chumba cha ranibeki. Watu wakisikia kazi yetu wanawaza mbio tu. Mbio karibu kila aliyefika hapa anazo. Kinachowang'oa vijana wengi ni kumlinda kotabeki. Kocha anasimamisha video, walinzi saba wako mbele, na anauliza: nani anavamia, na nani ni wako? Ukisita ameshahamia kwa mwenzako. Mlinzi akipita upande wako na kotabeki wa mamilioni ya dola akaumia, hakuna atakayekumbuka yadi zako.

Saa 7:00 mchana

Sasa kazi yenyewe. Wiki hii tunajiandaa kukutana na timu ya Baltimore, kwa hiyo navaa fulana namba 22 juu ya jezi na kuwa ranibeki wao Derrick Henry, ili walinzi wetu wajizoeze kumzuia: mtu aliyekimbia yadi 2,027 katika msimu wa 2020. Ana kilo karibu 112 na urefu wa kutosha kuning'inizia nguo. Kocha wa ulinzi anapaza sauti: "Kimbia wima! Henry hainami!" Urefu huo namwomba Mungu tangu sekondari.

Juu ya helmeti nimevaa ganda la sponji, ambalo sisi ranibeki tunalazimika kuvaa kwenye mazoezi ya kugongana tangu 2023. Linakufanya uonekane uyoga, lakini sijasikia mtu akilalamikia kichwa kizima.

Msaidizi wa kocha anainua kadi kubwa iliyochorwa kwa kalamu nene: miduara ni sisi, mishale ni njia zetu. Tunaisoma kwa sekunde chache, tunajipanga, mpira unatoka. Naubana kama tulivyofundishwa, ncha kati ya vidole, kiganja, mkono, msuli, kifua. Kadi inasema kulia. Kushoto limefunguka pengo la kupitisha lori. Naenda kulia, na mlinzi ananipokea kwa bega mbavuni.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Ningekata kushoto ningeng'ara, wenzangu wangepiga mayowe, na walinzi wetu wangefika Jumapili wakiwa wamejifunza uongo. Nikienda polepole nao hawajifunzi kitu. Makocha hurudia video za kikosi chetu pia, na wanachotafuta ni yule anayefanya kilichoandikwa, kwa kasi yote, mara ya thelathini kama ya kwanza.

Saa 9:30 alasiri

Maji ya barafu. Sina la kusema kuhusu maji ya barafu.

Saa 10:00 jioni

Saa ambayo timu hufunga hesabu za siku: nani kasajiliwa, nani kaachwa. Kila mtu anaichungulia simu huku akijifanya haitazami. Mimi nalipwa dola 12,500 kwa wiki, kabla ya kodi. Nikipandishwa kwa ajili ya mechi moja, wiki hiyo inakuwa karibu dola 44,000, lakini timu inaruhusiwa kunipandisha hivyo mara tatu tu kwa msimu. Uamuzi huwa Jumamosi, saa hii hii.

Ni pesa nyingi, najua. Najua pia habari ya Terrell Davis, ranibeki wa Denver: alichaguliwa raundi ya sita ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 1995, akakimbia yadi 2,008 msimu wa 1998, na mwaka uliofuata goti likapasuka. Hakuwa tena yule. Ndiyo maana sijanunua gari.

Saa 1:00 usiku

Wali, maharage, kuku wawili wasio wakubwa. Napiga simu Louisville. Wazazi wangu walitoka Bukavu, Kongo, wakakaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, ndipo tukaletwa Marekani. Anapokea mama; yeye huniita Papa.

"Papa, siku ya Mungu tutakuona ku televizio?"

"Bado, mama. Wiki hii mimi ni Henry."

"Ile kazi ya kujifanya mutu mwingine, bado wanakulipa?"

"Wanalipa, mama."

"Basi ujifanye muzuri."

Saa 3:00 usiku

Tableti. Kesho Alhamisi ni mipango ya jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi, wakati wapinzani wanapovamia kwa wingi zaidi. Narudia kila umbo la walinzi mpaka niweze kujibu kabla kocha hajamaliza swali, maana ranibeki wetu wa tatu leo ametoka mazoezini akichechemea.